Duara la Watu Wawili

Jumamosi, 28 Desemba

Kuanzia leo naandika kwenye karatasi.

Miaka yote hii nilikuwa naandika kwenye simu, ndani ya mtandao wa Kibaraza. Kibaraza kilikuwa na kitu walichokiita duara la ndani. Ukiweka maneno yako humo, anayaona yule uliyemchagua wewe, basi. Nilichagua watu wawili: dada yangu Hilda aliyeko Mpwapwa, na Sabiha, shoga yangu tangu tukiwa na sare za shule ya msingi. Humo nilicheka, nilisengenya kidogo, na mara nyingi nililia.

Siku ya pili ya Krismasi tulikuwa Chemba, kwa akina Yotham, mume wangu. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa mtama, wifi yangu Loisi anachambua mlenda. Tulikuwa wawili tu. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia chumvi iko wapi, "Wifi, hivi ni kweli kaka ndiye mwenye shida?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Si wewe unabeba mzigo usio wako, na mwenye mzigo anatembea mikono mitupu?"

Mwiko ulisimama mkononi. Hayo yalikuwa maneno yangu. Sisemi yalifanana na yangu. Ni yangu, nilivyoyapanga mwenyewe mwezi wa tisa, nimekaa dukani nasubiri umeme urudi.

Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akainamia mlenda wake. "Mambo ya siku hizi hayafichiki, wifi."

Kabla jua halijazama, Meshack, mdogo wake Yotham, alimuuliza kaka yake mbele ya wageni kama anahitaji kusaidiwa kazi ya nyumbani. Wanaume wawili walicheka. Mama mkwe alikuwa ananawisha watu mikono. Birika halikutikisika, lakini alipofika kwa Yotham alimimina maji mpaka yakamlowesha suruali.

Jana tumerudi. Kutoka Chemba hadi nyumbani kwetu Ipagala Yotham hakufungua kinywa. Tulipofika, ufunguo uko mlangoni, akasema, "Nilikuomba kitu kimoja tu, Erica."

Ni kweli, aliniomba. Hospitali walitupima sote. Mimi sina tatizo. Yeye mbegu zake hazina nguvu, na daktari alisema pengine hazitapata. Siku ile, kwenye benchi la nje, alinishika mkono akaniomba nisimwambie mtu, hasa mama yake. Nikamkubalia. Tangu hapo ukoo mzima unajua kwamba tasa ni mimi.

Kwa hiyo nimekaa nafikiri nani aliyesema. Hilda hajui mtu hata mmoja Chemba. Sabiha ana mjomba, Abdulswamadu, ananunua alizeti huko, na ghala lake liko nyuma ya nyumba ya Loisi.

Sitaki kulifikiria hilo. Nalifikiria.


30 Desemba

Mvua hakuna. Vumbi tupu. Yotham amehamia chumba cha wageni, godoro amelibeba mwenyewe.


Alhamisi, 2 Januari

Nimelisema.

Duka langu la steshenari liko Area D, na ukuta wa upande wa kushoto ni wa Sabiha, anayeuza madera na vitenge. Tulikodi vyumba hivyo siku moja. Asubuhi nilimkuta anatundika madera mapya.

"Umewahi," akasema. "Chemba hamjambo?"

"Mjomba wako anakusalimu."

"Mjomba yupi?"

"Wa Chemba. Yule unayemsomea ninayoyaandika."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akaelewa, na nikaona uso wake unavyoelewa, sehemu baada ya sehemu. "Erica. Rudia."

Nikarudia. Ndani kulikuwa na wateja, akina mama wawili wanachagua vitenge. Nikasema mbele yao kwamba yeye ni mnafiki. Nikasema anayeuza nguo hashindwi kumuuza mtu. Sijui sentensi hiyo niliitoa wapi. Naona ilikuwa imeniivia moyoni tangu Chemba.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya."

Akaendelea kutundika. Dera alilolishika alilitundika likiwa limegeuzwa ndani nje, na hakuona.


3 Januari

Hajafungua duka.


4 Januari

Amefungua. Tumepishana mlangoni kama watu wasiojuana. Mara nyingi nilipokuwa nikienda hospitali kupimwa, ni yeye aliyekaa nami kwenye foleni, maana Yotham ni dereva wa wizara na alikuwa safarini. Leo nimejikumbusha hilo ili lizidishe hasira. Limezidisha.


9 Januari

Joto. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Hombolo, yanatutazama, yanaondoka.


14 Januari

Mvua imefika mchana, kubwa, ya kupiga mabati mpaka wateja wakashindwa kusikilizana. Barabara ya kwetu Ipagala imekuwa tope jeusi. Bajaji imenishusha njia panda nikatembea na viatu mkononi. Yotham alikuwa amekwisha kula. Aliniachia chakula kwenye hotpoti bila neno. Zamani, mvua ya kwanza, tulikuwa tunasimama mlangoni pamoja kuisikiliza.


Jumanne, 21 Januari

Nataka kuliandika hili leo hii.

Asubuhi alikuja Mzee Ernest, mstaafu wa reli, mteja wangu wa siku nyingi. Binti yake amemletea simu mpya na anataka afunguliwe Kibaraza ili awe anaona picha za wajukuu walioko Mwanza. Kazi kama hiyo naifanya kila siku. Nikaingiza namba yake, nikaweka picha yake, nikabonyeza mbele, mbele. Kibaraza kikaomba kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Mzee akasema sawa. Kikazunguka kidogo, kikaleta ukurasa: "Huenda unawafahamu hawa."

Wa kwanza nilikuwa mimi.

Picha yangu ya gauni la kijani. Chini yake, bila kubonyeza chochote, maneno yangu: Nimebeba mzigo usio wangu mgongoni. Na chini ya hayo, mengine. Ya mwezi wa nane. Ya Pasaka. Siku niliyoandika jina la ugonjwa wake kama daktari alivyolitaja. Yote yako wazi mbele ya mzee wa watu ambaye hajamaliza hata kuandika jina lake.

"Huyu si wewe?" Mzee Ernest akauliza. Hakuwa na miwani.

"Ni mimi, mzee."

"Umeandika nini hapo? Kirefu hivyo."

"Maneno ya nyimbo za kwaya."

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Nilimaliza kazi yake, nikamsindikiza, nikafunga mlango nikaweka kibao cha kwamba nimetoka. Nikafungua simu yangu. Nilitafuta kwenye mipangilio, mlango ndani ya mlango, mpaka nikaukuta. Duara la ndani halipo. Mahali pake pameandikwa "Jamaa". Nikabonyeza nisome jamaa ni nani. Jamaa ni mtu yeyote mwenye namba yangu kwenye simu yake, na marafiki wa mtu huyo.

Namba yangu imeandikwa juu ya mlango wa duka. Nusu ya Area D wanayo.

Halafu nikakumbuka. Mwanzoni mwa Desemba kilijitokeza kwenye kioo cha simu kijikaratasi chenye rangirangi: "Kibaraza kimekua! Tumekupanulia duara lako ili usipitwe na wale unaowapenda." Chini yake palikuwa na kitufe kimoja: Endelea. Hapakuwa na kitufe cha kukataa, wala swali. Hilda alikuwa ametuma picha ya mtoto wake na nilitaka kuiona. Nikaendelea.

Kwa hiyo nilipokuwa nafunga mizigo ya Krismasi, Loisi alikuwa amekwisha kunisoma.

Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Sabiha anakata kitambaa kwa mkasi. Nikashindwa kuinuka.


Jumatano, 22 Januari

Nimeinuka.

Nilimpa simu nikamwomba asome. Alisoma polepole, kidole chake kikipita chini ya kila mstari kama anavyosoma siku zote. Akarudia sehemu ya Jamaa.

"Kwa hiyo ni kampuni," akasema.

"Ni kampuni. Walibadilisha bila kuniuliza. Nisamehe, Sabiha."

"Kampuni imetoa nje maneno yako, hilo nimeliona, na naapa limeniuma. Lakini kampuni haikusimama hapa kuniita mnafiki mbele ya wateja. Hayo uliyatoa mwenyewe, na mlango ulikuwa wazi."

"Najua."

"Hukuniuliza, Erica. Ungeniuliza tu. Hata mwizi sokoni anaulizwa kabla ya kupigwa."

"Nisamehe."

"Nimesikia," akasema, akanirudishia simu.

Alisema nimesikia. Hakusema nimekusamehe. Mtu anayemjua Sabiha anajua kwamba hachanganyi maneno hayo mawili.


24 Januari

Nimewaandikia Kibaraza. Nimefuta yote niliyoandika humo, mwaka baada ya mwaka. Ilichukua siku nzima kwa sababu kwa kila neno Kibaraza kinakuuliza: "Una uhakika unataka kufuta?" Kufuta kinauliza. Kufungua hakikuuliza.


Jumapili, 26 Januari

Baada ya ibada niliwaomba akina mama wa kwaya wabaki kidogo. Wengi wao simu zao niliziweka sawa mimi. Ndimi niliyewaambia, wekeni humu, hakuna atakayeona. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa wakanipa simu mmoja baada ya mwingine, nikafunga nilichoweza kufunga.

Mmoja alikuwa ameandika habari za mwanawe aliyefungwa, ambaye sisi wote tulidhani yuko masomoni. Alipoona kwamba imekuwa wazi tangu Desemba, alikunja kanga yake vizuri, akaikunjua, akaikunja tena. "Ndiyo maana walikuwa wananiuliza masomo yanaendeleaje," akasema. "Nami nawajibu."

Hakuna aliyenigombeza. Ningependa wangenigombeza.


30 Januari

Yotham amerudi kutoka Iringa. Nilimwekea chai, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, nikamwonyesha kila kitu. Alisikiliza mikono iko juu ya meza.

"Kwa hiyo ni hao," akasema.

"Ni hao."

"Lakini uliandika."

"Niliwaandikia watu wawili, Yotham. Ningepasuka."

"Nilikuomba usimwambie mtu. Wawili si watu?"

Kwa hilo ana haki, na nimempa haki yake hapa kwenye karatasi kama nilivyompa mezani. Ila alipoinuka kwenda chumba cha wageni lilinijia swali ambalo halijawahi kunijia. Katika miaka yote hiyo, yeye alinibebea nini?


4 Februari

Mvua imekata. Shamba la mama mkwe mtama umeanza kunyauka, Loisi amemwambia Yotham kwa simu. Mimi hanipigii.


7 Februari

Kibaraza wamenijibu. Nalinakili jibu lote:

"Habari Erica! Asante kwa kuwa sehemu ya familia ya Kibaraza. Faragha yako ni kipaumbele chetu. Je, unajua kwamba unaweza kubadilisha mipangilio yako wakati wowote? Bonyeza hapa upate maelezo zaidi."

Nimesoma nikitafuta mtu ndani yake. Hamna. Nimeandika tena, nikauliza swali moja: nani aliwaruhusu?


10 Februari

Jibu limekuja. Ni lilelile, hata alama ya mshangao ipo palepale.


Jumamosi, 15 Februari

Yotham ameongea. Alinikuta nafua, akavuta kigoda akakaa karibu, kitu ambacho hajafanya tangu Krismasi. Moyo ulinidunda kama wa msichana.

Akasema amefikiri. Watu huko Chemba hawajui mambo ya mitandao kwa undani. Tukienda, tukawaambia kwamba akaunti yangu iliingiliwa na matapeli, wakaandika uongo kwa jina langu, watatuamini. Kila siku watu wanaingiliwa.

"Nawe utakuwa umesafishika," akasema. "Hakuna atakayesema ulinitangaza."

"Na wewe?"

"Na mimi nitakuwa kama zamani."

Nikamwuliza kama zamani maana yake nini. Akanishika mkono uliojaa povu. "Maana yake turudi nyumbani mwetu, Erica. Nimechoka kulala kule."

Nami nimechoka. Nimekubali. Nimeandika neno hilo na linanitazama: nimekubali.


17 Februari

Amerudisha godoro.


26 Februari

Mvua tena, ya wastani, ya asubuhi. Mahindi ya jirani yamesimama. Nalala vibaya, na aliye pembeni yangu analala vizuri.


Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama, Sabiha amefunga. Miaka mingine ilikuwa lazima nimpelekee uji wa pilipili manga wa kufuturu, na yeye ananiletea tambi. Leo nimepika uji, nikautia kwenye chupa, nikaubeba mpaka dukani kwake, nikamkuta amekwenda kwa mama yake. Nikauacha kwa msichana wake. Jioni chupa imerudi. Imeoshwa, imefutwa, ni tupu.

Sijui kama alikunywa.


Jumapili, 16 Machi

Tumerudi leo kutoka Chemba. Nitaandika kila kitu kwa utaratibu.

Jana tulifika saa nne hivi. Mvua ilikuwa imenyesha kule pia, njia ya kwenda nyumbani kwao imejaa madimbwi, mtama umefika kiunoni. Walikuwa wametandika mkeka nje: mama mkwe, Meshack, Loisi, na baba mdogo wa Yotham, Mzee Daudi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Niliwaamkia. Mama mkwe aliitikia marahaba bila kuinua macho.

Yotham alisema aliyokuja nayo. Aliyasema vizuri, ameyafanyia mazoezi. Kwamba kuna matapeli, wanaingia kwenye simu za watu, wanaandika uongo ili kuvunja nyumba za watu. Kwamba Erica ni mkewe na anamwamini. Kwamba maneno yale hayana ukweli.

Mzee Daudi akaniuliza, "Mwanangu, ndivyo ilivyokuwa?"

Nikasema, "Ndiyo, baba." Nilisema. Sitaki kujificha.

Mama mkwe akashusha pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi akamtazama mwanawe usoni. "Basi ni kama nilivyosema siku zote," akasema. "Shida ya mwanangu si yake. Meshack, mwambie yule baba wa kijiji cha Soya kwamba tutakwenda kumwona binti yake baada ya mavuno. Ni binti mzuri, ana afya. Erica hafukuzwi. Atakaa. Lakini ukoo nao unataka mtoto."

Nilimtazama Yotham. Nilimsubiri. Kuku alipita kwenye mkeka, Loisi akamfukuza, na mimi bado namsubiri. Anajua alichoambiwa hospitali kama ninavyokijua mimi. Alikuwa anaangalia funguo za gari mkononi mwake.

Akasema, "Tutaona, mama."

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu. Kibaraza kilinifungulia mlango bila kuniuliza. Huyu naye alikuwa anafungua mlango mwingine, wa binti wa watu asiyejua lolote kule Soya, ili apitishwe palepale nilipopitishwa mimi.

"Mama," nikasema, "niliandika mimi."

Wote wakageuka.

"Hakuna tapeli. Nimesema uongo sasa hivi mbele ya baba na naomba radhi. Niliandika mimi, kila neno, na kila neno ni kweli. Niliwaandikia watu wawili. Kampuni ikawaonyesha wengine bila ruhusa yangu. Huyo binti msimlete. Mwakani mtaanza kumwita kama mlivyoniita."

Meshack akaanza kusema kitu, Mzee Daudi akamwinulia mkono.

Mama mkwe aliinua macho akanitazama. Kisha akaniuliza, sauti yake si kali, "Zile dawa nilizokuwa nakuletea. Ulikunywa?"

"Nilikunywa, mama."

"Hata ile ya mizizi? Ile iliyokutapisha?"

"Hata ile."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe ulikuwa unajua."

Yotham alizifumbata funguo.

"Nakuuliza, Yotham. Siku ile aliyotapika mpaka tukamlaza chini, mimi nilikuwa nimemshika kichwa. Nani alishika kikombe?"

"Mimi, mama."

"Ulishika kikombe."

"Ndiyo."

Akainuka. Aliinuka kwa shida, Loisi akataka kumsaidia, akamkataa. Aliingia ndani akafunga mlango. Hatukumwona tena mpaka asubuhi tulipoondoka, na hata hapo alitoka tu kunishika mikono yote miwili, akaishikilia, akaiachia, akarudi ndani bila kumuaga mwanawe.

Jana hiyohiyo Loisi alinifuata kisimani. Alisema Kibaraza chenyewe ndicho kilichomletea maneno yangu, wala hakuyatafuta. "Nilidhani umeyaweka makusudi tuyaone. Nilidhani umechoka kunyamaza, wifi. Ndiyo maana nilikuuliza jikoni. Nilipoona umeshtuka, nikaona haya kusema nimeyasoma wapi."

"Na Meshack?"

"Meshack nilimwonyesha. Hapo nilikosea mimi, siwezi kumsingizia mtu."

Huyo ndiye mtu wa kwanza katika jambo hili lote aliyeniambia "nilikosea" bila kuongeza "lakini".

Njiani, tulipopita Mayamaya, Yotham akasema, "Umenivua nguo mbele ya mama yangu."

Nikamwambia, "Ulikuwa umevaa zangu."




20 Machi

Yotham ameomba safari ndefu, Mtwara na Lindi. Ameondoka alfajiri. Amekunja shuka lake vizuri. Sijalia, na nimejishangaa.


25 Machi

Simu kutoka Chemba. Nilidhani ni Loisi. Ni mama mkwe, anatumia simu ya Loisi.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Nimeshinda salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mvua huko?"

"Inanyesha, mama."

"Na huku inanyesha." Nikamsikia anapumua. "Haya. Nilitaka kusikia sauti tu."


28 Machi

Nimebandika karatasi mlangoni: "Una Kibaraza? Ingia nikuonyeshe nani anakusoma." Wanaingia. Wengi wanatoka kimya. Leo mwalimu mmoja kijana alikaa nje kwenye ngazi kitambo, simu iko magotini, kisha akaondoka bila kuaga.

Kibaraza wametuma kijikaratasi kipya, safari hii cha bluu: "Tumesikia maoni yenu!" Wamerudisha kitu wanachokiita duara la ndani. Kitufe chake ni kilekile. Endelea. Nimekiacha hapohapo kwenye kioo, sikukigusa, mpaka simu ikazima yenyewe.


Jumamosi, 5 Aprili

Yotham ameandika kutoka Lindi: "Nitarudi tuongee." Nimemjibu: "Karibu." Sijui nimemkaribisha kwenye nini. Akija kuongea, aanze na mama yake. Akimaliza huko, mimi nipo Ipagala.

Mchana mvua ilikuwa imetulia, dukani hakuna mtu. Sabiha akaingia. Idi imepita, mikono yake bado ina hina. Alisimama mbele ya meza yangu kama mteja.

"Nimesoma karatasi yako ya mlangoni," akasema. "Wanachukua majina kwenye simu za watu."

"Ndiyo. Ukiwa na namba ya mtu, wanakuunganisha naye. Hata kama yeye hataki."

"Kwa hiyo mimi nimo humo. Kupitia simu yako."

"Umo."

"Nifute."

Nilitegemea lolote, hilo sikulitegemea. Lakini ni haki yake, na safari hii nimeombwa na mwenyewe. Nikaitoa simu, nikatafuta jina lake. Limehifadhiwa "Sabiha Wangu" tangu simu yangu ya kwanza ya vibonyezo. Niliigeuza aone. Nikabonyeza. Ikauliza kama nina uhakika. Nikamtazama.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Jina likatoka, majina ya chini yakapanda kujaza nafasi yake.

Sabiha alihakikisha limetoka kweli. Akatengeneza mtandio wake, akaelekea mlangoni, akasimama hapo, mgongo umenigeukia.

"Namba yangu unaijua kwa kichwa," akasema.

"Naijua."

"Basi."

Akaenda dukani kwake.